Alama Chini ya Sikio

Picha ya kwanza kuharibika ilikuwa ya mtoto mchanga wa ubatizo, na Brigitha alidhani ni uchafu wa kioo. Chini ya sikio la kulia la kile kichanga kulikuwa na doa jeusi kwa mbali, la ukubwa wa dole gumba la mtu mzima. Akafuta kioo cha simu kwa upindo wa kitenge, akapiga tena. Doa likabaki. Akamsogeza mtoto dirishani, akamtazama kwa macho yake mwenyewe, akaona shingo safi iliyopakwa poda mpaka mgongoni. Akapiga mara ya tatu, na safari hii doa lilikuwa na wenzake wanne upande wa kushoto.

"Kuna nini, Mama Tina?" mzazi akauliza.

"Mwanga tu," Brigitha akajibu. "Novemba ya huku haina mwanga."

Sasa huyu Brigitha, ili tuelewane, si mpiga picha wa kubahatisha. Siku za kazi anahudumia wazee wa Kiswidi kwenye nyumba yao ya kulelewa, lakini mwisho wa wiki, kuanzia kitongoji cha Alby mpaka cha Jakobsberg, hakuna kipaimara wala sendofu ya Watanzania inayokwenda bila yeye na simu yake. Kamera kubwa hana na hataki. Alikuwa na darasa lake la akina mama pale Fittja, na alikuwa hachoki kuwasomea somo lilelile.

"Simu ikijiendesha yenyewe inadhani kila uso ni wa Mswidi," angewaambia. "Ikikuona wewe mweusi inashtuka, inadhani giza limeingia, inakumwagia mwanga mpaka unatoka kijivu kama mwenye homa. Iondoeni hapo, ingieni kwenye mipangilio ya mkono. ISO ishusheni, huo ni ulafi wa kamera wa mwanga, ukizidi picha inajaa chenga. Kasi ya kupiga ipunguzeni kidogo, na mikono muiegemeze mahali isitikisike. Halafu rangi ya mwanga. Taa za huku zina ubuluu, vuteni kwenye njano mpaka ngozi irudi kuwa ngozi."

Basi ustadi huohuo ndio uliompeleka kwenye chumba cha kuagia maiti mwezi wa tisa. Dativa, mke wa Nathaniel, alikuwa amefia nyumbani kwake. Pumu, daktari alisema, na kweli Dativa alikuwa na pumu tangu utoto wake Bukoba. Hata kanisani ulimsikia akivuta ile dawa yake ya kupuliza, fsss, katikati ya mahubiri. Kabla sanduku halijafungwa kwa safari ya Bukoba, Nathaniel aliomba picha ya kuwatumia wazee wa nyumbani, kama ilivyo kawaida yetu, wamwone mtu wao mapema. Brigitha akapiga ya kwanza simu ikijiendesha yenyewe. Nayo simu, kwa ule ujinga wake wa kumwaga mwanga, ikaona ambacho daktari hakukiona kwenye ngozi nyeusi: dole gumba chini ya sikio la kulia, vidole vinne kushoto.

Nathaniel alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Naye aliona.

"Mtoe vizuri, dada," akasema polepole. "Wazee wasione mateso ya ugonjwa."

Mtu mwingine angetia simu mfukoni akatoka. Brigitha hakutoka. Nathaniel alikuwa mwenyekiti wa Watanzania wa huku, mtu wa sauti ya chini na mkono mwepesi wa kusaidia, ndiye aliyemtafutia nyumba Alby alipokuwa akilala kwenye makochi ya watu na binti mdogo mgongoni. Akaifuta ile picha. Akaingia kwenye mipangilio, akashusha mwanga, akavuta njano, akasogeza taa ya meza, mpaka vidole vikayeyuka na Dativa akatoka mzuri kuliko alivyokuwa hai. Watu waliililia ile picha. Walimsifu mpigaji, na yeye, bila haya, akapokea sifa.

Baada ya ubatizo ule hakuna uso uliotoka safi. Maharusi, wazee wa kanisa, rafiki yake wa kazini aliyetaka picha ya pasipoti, wote walikuwa na vidole shingoni. Akaazima simu nyingine, ikawa yaleyale. Akajaribu kuvifuta kwa ujanja wake wa mwezi wa tisa, lakini kila aliposhusha mwanga ndivyo vilivyokolea, na alipovuta njano vikaota kucha. Akaanza kukataa kazi. Alisema anaumwa mgongo.

Alasiri moja alishuka chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia cha wapangaji wote, zamu yake ilikuwa imefika. Saa tisa tu, na nje kulikuwa kumeshakuwa giza. Taa za kule chini huwaka zenyewe zikihisi mtu anatembea, kisha huzimika ukitulia, na yeye alikuwa ametulia, ameketi mbele ya mashine akitazama mashuka yakizunguka, taa zikazima, akabaki na ule mwanga mdogo wa mashine. Ndipo akasikia kule mwisho wa korido mtu anapumua kwa shida, pumzi inayoingia kwa mluzi na kutoka kwa mluzi, na taa ya kule mbali ikawaka, kisha ya karibu yake, kisha ya karibu zaidi, kana kwamba mtu anatembea taratibu akipumzika kila baada ya hatua chache kama wafanyavyo wenye pumu, na harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka Dativa ikatangulia mbele, na hakukuwa na mtu chini ya taa hata moja, mpaka ile ya juu ya kichwa chake ikawaka na mluzi ukasimama sikioni mwake. Kisha akasikia fsss. Aliyaacha mashuka yake na ya binti yake humohumo akapanda ngazi kwa mikono na miguu.

Juu alimkuta binti yake, Clementina, mezani na vitabu vya shule, amejifunga skafu shingoni ndani ya nyumba yenye joto.

"Vua hiyo."

"Mamma, snälla," binti akasema, maana yake mama, tafadhali, kwani mtoto huyu Kiswahili alikisikia lakini hakukijibu. Sauti yake ilikuwa imepungukiwa pumzi. Brigitha akaifungua skafu kwa nguvu. Vidole havikuwa kwenye picha tu tena. Dole gumba chini ya sikio la kulia, vidole vinne kushoto, kwenye ngozi ya mwanawe aliye hai.

Kesho yake walikaa hospitali siku nzima. Mapafu mazima, damu nzuri, alama za shingoni mtoto amezitoa wapi? Madaktari wakamtazama Brigitha kwa lile jicho la kushuku ambalo kila mzazi mgeni huku analijua. Alirudi nyumbani, akagonga mlango wa jirani yake Bi Zara.

Bi Zara ni mtu wa Tanga, amezeeka Alby, na mambo ya majini ameyarithi kwa mama yake. Alikuja na chetezo na ubani, na kwanza akapanda kiti, akaivisha kengele ya moshi kofia ya kuogea, maana mara ya mwisho aliwaleta zimamoto. Kisha akamlaza Clementina kwenye zulia, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Moshi ulipojaa, mtoto akakaa wima macho yamefumba, akaanza kusema kwa Kihaya, yeye ambaye hata salamu ya Kihaya alikuwa haijui.

"Anasema nini?" Bi Zara akanong'ona.

Brigitha, Mhaya kama Dativa, akatafsiri. "Anauliza nani alimfuta."

"Muulize katumwa na nani."

Brigitha akauliza. Jibu lilikuja kwa mluzi, neno moja moja, kisha mtoto akalala chini na kuanza kukoroma kwa taabu.

Bi Zara akafunika chetezo. "Shoga yangu, huyu mie simuwezi. Angekuwa wa kuokotwa njiani ningemtoa. Huyu katumwa na ana haki anayoidai. Atarudishwa na huyohuyo aliyemtuma. Kakutajia nani?"

"Deusdedit," Brigitha akasema. "Kaka yake Dativa."

Alimpigia Bukoba hapohapo. Deusdedit alipokea haraka, kama aliyekuwa amekalia simu.

"Tulikuwa tunakungoja, dada."

"Mtoto wangu hapumui, kaka."

"Tulipolifungua sanduku, shangazi zangu walimwosha upya," Deusdedit akasema, wala hakupandisha sauti. "Wakaona. Tukaiangalia picha uliyotutumia, shingo laini kama ya mwali. Muuaji tulimjua siku ileile. Tuliyetaka kumjua ni mwenzake."

"Mimi si mwenzake."

"Ulimfuta."

Hasira ilimpanda Brigitha, na aibu ikaja nyuma yake ikaikalia. "Nilimfuta," akasema. "Niliona vidole nikavifuta. Lakini mtoto wangu ana kosa gani?"

"Na dada yangu alikuwa na kosa gani?"

"Nitakwenda polisi."

"Nenda. Utawaonyesha nini?"

Hakuwa na kitu. Deusdedit akamwacha alie kidogo, kisha akaendelea. "Aliyetumwa hajui njia. Tulimpa ile picha uliyompiga yeye, akaifuata mpaka kwenye mkono ulioipiga. Sasa mpe nyingine, yenye sura ya mtu mwingine, amfuate huyo. Kuna misa ya kumbukumbu Jumamosi. Mpige picha Nathaniel, unitumie. Na usiguse kitu."

Jumamosi hiyo, ukumbini Jakobsberg, watu walijaa. Brigitha alikuja na Clementina, maana angemwacha na nani? Binti alikaa karibu na mlango, skafu shingoni, kila pumzi anaikokota. Mbele, kwenye fremu kubwa yenye maua, Dativa alikuwa anang'aa kwa ile rangi ya njano ya uongo.

Na bado Brigitha alisita. Simu ilikuwa mkononi, Nathaniel alikuwa hatua chache tu, na kidole hakikubali. Picha nyingine alizopiga maishani zilikuwa za kuwapendezesha watu. Hii alijua ni ya nini. Alijiambia, labda nizungumze naye, labda ataungama mwenyewe mbele ya watu, mambo yaishe.

Nathaniel ndiye aliyewajia. Suti nyeusi, tai nyeusi, uso wa huzuni uliokaa vizuri. "Nasikia umekuwa ukizungumza na shemeji Deus," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Wafiwa wana maneno mengi, dada. Usiwasikilize sana." Kisha akamwinamia Clementina. "Na wewe, mama mdogo, mbona skafu imelegea? Utapata baridi." Akanyoosha mkono wa kulia kuitengeneza. Dole gumba lake likatua chini ya sikio la kulia, vidole vinne vikaenda kushoto, vikakaa palepale kwenye alama, kila kimoja mahali pake, bila kuzidi wala kupungua. Akaviacha hapo kitambo huku akimtazama mama mtu machoni.

"Umenielewa?" akauliza.

Brigitha alielewa. Kusita kote kukamwisha.

"Simama pale kwa marehemu, kaka Nathaniel," akasema. "Familia nyumbani wanataka picha yako."

Akaenda akasimama kando ya fremu, akarekebisha tai. "Nitoe vizuri," akasema, "kama ulivyomtoa yeye."

Brigitha hakuingia kwenye mipangilio. Hakuangalia mwanga, hakuangalia rangi. Akabonyeza, na simu badala ya mlio wake wa kawaida ikatoa fsss. Akaituma. Alama mbili za kufika zikageuka buluu, na Deusdedit akajibu kwa ufupi: *Amekwisha kuanza safari.* Kule mlangoni Clementina akavuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya wiki nzima, akavua skafu kwa kuwa aliona joto. Shingo yake ilikuwa safi.

Nathaniel alipanda jukwaani kuwashukuru watu. Aliwashukuru mapadre, akawashukuru wanakwaya, akafika kwa "mke wangu mpendwa" na neno likakwama. Akakohoa. Akajaribu tena, ukatoka mluzi. Watu wa mbele walidhani ni kilio, mmoja akampelekea kitambaa, na ilipofika zamu ya magoti yake kukunjika ndipo ukumbi wote ukainuka, wengine wanapiga simu ya gari la wagonjwa, wengine wanaomba, na sauti zikaita kutoka kila upande kwamba Brigitha apishwe, yeye ndiye anajua kazi za hospitali.

Wakampisha. Akapiga magoti, akalegeza tai, akafungua kifungo cha shati. Chini ya sikio la kulia ngozi ilikuwa inabonyea yenyewe, polepole, kwa dole gumba dogo la kike, na upande wa pili vidole vinne vyembamba vilikuwa vinatafuta mahali pa kushika vizuri. Nathaniel alikuwa anaona kwamba yeye anaona. Akainua mkono kuonyesha shingo yake kwa watu, macho yanamsihi aseme. Brigitha akaushika ule mkono kwa upole, akaulaza kifuani.

"Ana nini, dada?" mtu akauliza nyuma yake.

"Pumu," akasema Brigitha, na akakifunga kifungo.