Gari Lililotafunwa

Siku ya kupima watoto uzito, zahanati ilifurika hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Hapo ndipo mkaguzi wa mradi wa malezi ya watoto, shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, alipotapikiwa maziwa na mtoto wa watu. Akakunja uso, mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Ofisini walimwita Kinyaa. Mimi mtu wa namna hiyo ananichefua kuliko matapishi yenyewe, lakini mapenzi hayaniombi ushauri.

Aliyemfuta alikuwa binti mwenye gauni la kijani na raba zilizokwisha soli. Kina mama walimwita Dada wa Mfuko. Kila wiki mradi huo ulimtuma nyumba kumi na mbili na mfuko wa vitu vya kuchezea, akakaa sakafuni, akawaonyesha wazazi namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye hata kabla hajaweza kujibu.

"Pole, kaka. Ni maziwa tu."

"Yananuka."

"Na wewe ulinuka hivihivi. Muulize mama yako."

Mkaguzi akacheka, na tangu siku hiyo simu kati yao hazikuisha. Wiki ya tatu alikuwa "Kinyaa wangu", na alishaahidi kumpeleka Dada kwa mama yake mwisho wa mwezi.

Kabla mwezi haujaisha, ukaguzi ukafikia nyumba za Dada. Ripoti ndiyo ingeamua kama mradi unaendelea au unafungwa. Mwanaume mwenye akili angemwachia mwenzake kazi hiyo. Huyu alijiona mtenda haki, akaenda mwenyewe.

Nyumba ya kwanza, mfuko umetundikwa msumarini, vitu vinang'aa, vinanukia sabuni; akachungulia tu, hakukitoa hata kimoja. Ya pili vivyo hivyo, mpaka ya kumi na mbili. Na fomu za Dada zinasema watoto wanavichezea kila siku. Akampigia simu palepale barabarani.

"Umepika fomu. Vitu havijaguswa. Nasikia kichefuchefu."

"Umewauliza wazazi?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Basi kaa na macho yako." Akakata.

Macho gani, jamani? Kina mama walikuwa wamesikia kwamba mkaguzi anakuja. Kwa jinsi walivyompenda Dada, waliogopa atafukuzwa kwa uchafu, wakaloweka kila kitu, wakasugua, wakatundika mbali na watoto. Ushahidi wote ukaenda na maji ya sabuni.

Siku mbili baadaye alirudi nyumba ya sita kufuata sahihi aliyoisahau, bila kutoa taarifa. Mlango ulikuwa wazi. Fundi bomba, baba wa watu, amelala kifudifudi sakafuni ananguruma kama injini, na mwanawe wa mwaka na nusu anamsukumia gari la mbao. Gari limejaa uji, mate na makamasi, kona zote zimetafunwa.

"Gai," mtoto akasema, akalitia mkononi mwa mgeni.

Lilikuwa linateleza. Akakunja uso, lakini hakuliachia. Fundi akaeleza kwamba zamani aliona ni upuuzi kumsemesha mtoto asiyejibu, mpaka Dada alipomkalisha chini. Siku ile ya ukaguzi mkewe alilitundika gari, na mtoto akalilia mchana kutwa. Kinyaa akajichukia, na haki yake.

Alizunguka nyumba zote upya bila kutangaza. Siku ya kupima uzito akamfuata Dada zahanatini, shati lina doa la uji kifuani.

"Ripoti nimeandika upya. Mradi unaendelea. Nisamehe."

"Ulinichefua," Dada akasema. "Kunishuku ningekusamehe. Hukuuliza mtu hata mmoja."

"Najua."

Dada akampakatisha mtoto aliyekuwa karibu. Mtoto akatoa vidole kinywani mwake, vinachuruzika mate, akavitia kinywani mwa mkaguzi. Dada akangoja aone kitambaa kikitolewa mfukoni. Hakikutolewa.

"Haya, twende kwa mama yako," akasema. "Nikamuulize kama kweli ulinuka."