Mguu wa Bi Tamima

Alasiri ile Mwatima alikuwa radhi na dunia. Amekaa mkekani kwa Bi Shemsa, ghorofani, mtaa wa Malindi, anatunga vikuba vya asumini na wenzake kwa ajili ya harusi. Gari moshi la Bububu lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kwenda, na kila aliyelipanda alikuwa na la kusimulia. Mwatima hakuwa amelipanda. Akatafuta lake la kusema, na ulimi, kama mjuavyo, hauna mfupa.

"Mnajua kwa nini marehemu Bi Tamima alikuwa havui viatu?"

Mikono ikasimama. Bi Tamima, aliyezikwa mwezi ule, alikuwa shoga yake Mwatima tangu utotoni. Mji mzima ulimjua kwa manukato: kabla hajafika mlangoni, tibu na udi vishafika. Ulimjua pia kwa kituko kimoja. Wenzake wakiacha makubadhi chini ya ngazi, yeye hupanda na viatu vyake vya ngozi vya kufunika vidole, ko, ko, ko, mpaka kwenye mikeka ya watu. Wakasema ana kiburi.

Hakikuwa kiburi. Alipozidiwa na ugonjwa alimshika Mwatima mkono, akamnong'oneza: "Nikifa unioshe wewe. Usimwache mwengine auone mguu wangu." Mwatima akamwosha, akauona. Na hata mtoto anajua kwamba alichokiona mwosha maiti hukiacha pale pale kitandani, kikaenda na maji.

"Donda," alisema Mwatima. "Donda la miaka. Manukato yote yale, kumbe ya kufichia uvundo!"

Wakacheka. Wengine waliinamisha nyuso kwa haya, lakini walicheka. Mwatima akacheka kuliko wote.

Ndipo ikasikika ngazini. Ko.

Kicheko kikakatika. Ko. Ko. Mtu anapanda, taratibu, mguu mmoja anauburura.

"Nani huyo?" Bi Shemsa aliuliza kwa sauti ndogo.

Ikatangulia harufu. Tibu. Udi. Nyayo zikavuka kizingiti. Zikaja mkekani. Zikasimama mbele ya Mwatima. Hapakuwa na mtu.

Wenzake walisikia udi mtupu. Mwatima alisikia uvundo. Kisha sikioni mwake, pole pole, sauti anayoijua:

"Shoga."

Basi. Hakutukanwa. Lau angetukanwa ingekuwa nafuu. Haya zilimpanda mpaka machozi yakamtoka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jua halijachwa alikuwa kwa Hamda, binti wa marehemu. Habari zilikuwa zishamtangulia. Hamda, ambaye hajapata kumwona bila ya kumwamkia, siku hiyo hakumpa shikamoo.

"Nisamehe, mwanangu," Mwatima alisema, magoti chini. "Nimemvua nguo mama yako mbele za watu."

Hamda hakuinua uso. "Langu nshakusamehe, Bi Mwatima. La mama, kamwombe mwenyewe."

Akamwomba. Alimwombea dua, akamsomea, akamtolea sadaka. Alichotaka ni radhi tu, asije akafa na kosa lile. Jibu hakulipata. Kila akijifukiza udi kwa chetezo, watu walimsifu kwa kunukia, na yeye puani anasikia donda. Mwishowe akaacha kujipamba kabisa. Harusini hakuitwa tena, na maiti ya mtu hakupewa kuiosha. Alizeeka hivyo, mtu wa kupita kandokando ya ukuta.

Alipokufa, Bi Shemsa na Bahiya, mmoja wa wale waliocheka mkekani siku ile, ndio waliomwosha. Walijifungia humo ndani kwa muda mrefu. Mara moja tu Bahiya alisikika akilia, kisha maji yakaendelea kumwagika.

Walipotoka, mikono yao, iliyotoka kushika karafuu maiti, ilikuwa inanukia tibu. Ndani ya nyumba ile tibu haikuwamo tangu mwenyewe aache kujipamba.

"Mmeona nini?" jirani mmoja akanong'ona.

Bi Shemsa akajifunika mtandio mpaka machoni.

"Tumemwosha," alisema. "Waiteni wanaume wamchukue."

Bahiya aliulizwa miaka na miaka. Hakusema, mpaka na yeye akaoshwa.