Chiriku na Maganda ya Karanga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alinyunyizia maji nguo za wateja, akazikunja na kuzipanga kwenye beseni zilainike. Mama yake alikuwa mpiga pasi, na nguo kavu kama kuni humtesa mpiga pasi.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa kwa mzaha na baba yake, fundi viti, kwa kuwa chiriku ni ndege asiyenyamaza, na binti huyu alikuwa na kigugumizi. Maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Shuleni walimwita Redio Mbovu.

"Wache waseme," baba alimwambia. "Mimi najua humo ndani mna chiriku, ila mlango wa tundu umeshika kutu."

Jioni baada ya kazi, baba alimkalisha kwenye kiti kisichomaliziwa, kitabu mapajani, bakuli la karanga za maganda kando. Chiriku alipenda karanga kuliko kitu chochote cha kutafuna. Mama alizikaanga kwenye mchanga wa moto, zikatoka kavu, rangi ya kahawia, maganda yakipasuka kwa mlio yakibanwa. Sharti la baba lilikuwa moja: neno likikwama, usilisukume. Chukua karanga, ibanue taratibu, itafune, umeze. Ndipo useme.

"Neno lililokwama ni kama msumari uliopinda," alisema. "Ukiupiga kwa hasira unazidi kupinda."

Mwanzoni ukurasa mmoja ulimaliza bakuli zima. "Leo umesoma au umekula?" baba aliuliza, wakacheka wote wawili. Siku zikaenda, karanga zikaanza kubaki bakulini.

Kisha baba akaugua kifua mvua zilipoanza, na kabla hazijakatika alikuwa amezikwa. Randa, misumeno na nyundo zake zikafunikwa gunia. Siku mama alipokaanga karanga tena, Chiriku alilisukuma bakuli. "Si... sizipendi tena." Mama hakukaanga nyingine. Alimwona binti yake anakwenda shule, anarudi, halii, akadhani ameanza kusahau. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku ya wazazi ilipokaribia shuleni, mwalimu wa darasa alimpa Chiriku hadithi asome mbele ya watu. Chiriku hakumwambia mama yake. Siku yenyewe alisimama, akafungua mdomo, na neno la kwanza likakwama. Wanafunzi wa nyuma wakaanza kukohoa kwa kejeli. Karanga hakuwa nayo. Vidole vyake vikabanua ganda lisilokuwepo, taratibu, na neno likatoka. Likafuatwa na la pili. Akasoma hadi mwisho, na watu wakapiga makofi.

"Redio Mbovu leo imeshika stesheni," mvulana mmoja alimnong'oneza mwenzake.

"Nyamaza wewe," mwenzake akamjibu. "Wewe mwenye redio nzima mbona hukusimama?"

Chiriku hakuwasikia. Alikuwa akipitisha macho kwa wazazi waliokaa, mstari kwa mstari, akitafuta shati lenye vumbi la mbao. Alijua hayupo. Alitafuta hivyo hivyo, na moyo ukampasuka.

Mwalimu akamwita pembeni. "Umechaguliwa uiwakilishe shule yetu kwenye mashindano ya kusoma."

"Mchague mwingine, mwalimu."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Si mimi ni... niliyesoma."

Mwalimu akasema, "Nenda ukafikiri. Kesho asubuhi unipe jibu, maana napeleka majina."

Jioni muuza maziwa alikuja kuchukua sare ya mwanawe. "Mama Chiriku, hongera. Binti yako leo katutoa machozi pale shuleni."

"Leo? Shuleni?" Mama alisimama na pasi imelala juu ya shati, hata shati likaanza kutoa moshi. Alisubiri mgeni aondoke, ndipo akasema, tena kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi si mzazi wako?"

Bora angempiga. Chiriku akakaa chini.

"Nilitaka ku... kumwambia baba kwanza," alisema. "Ile kazi ni yake, mama. Nikijisifu nitakuwa nimemwibia. Na nikifurahi, ni kama sijali kwamba ha... hayupo."

Mama akaweka pasi kando, akamkumbatia. Walilia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mimi nilikuwa nalilia bafuni usinione," mama alisema.

"Na mimi na... nalilia njiani."

"Tazama wajinga wawili," mama akasema huku akijifuta. Akainuka, akamimina mchanga kwenye karai, akawasha moto. Karanga zilipoiva akakaa karibu na binti yake, akambanulia ya kwanza.

"Baba yako akimaliza kiti alikuwa akifanya nini?"

"Anarudi nyuma, anakitazama, a... anatabasamu."

"Fundi aliyemfundisha alikufa wewe hujazaliwa. Ulimsikia baba yako hata siku moja akisema kiti kile ni cha marehemu?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Alimshukuru mwalimu wake, na kiti akakiita chake. Majivuno ni kudharau wenzako. Kufurahia jasho lako halali si majivuno, wala si wizi. Baba alikuonyesha njia, lakini miguu iliyosimama pale mbele ilikuwa yako."

Asubuhi Chiriku alimkuta mwalimu akifungua darasa. "Ni..." Neno likakwama. Mwalimu akataka kumsaidia, Chiriku akainua mkono kumzuia. Akasubiri. "Niandike mimi, mwalimu. Aliyesoma jana ni mimi."

Akarudi nyumbani mchana na habari hiyo, na safari hii mama alikuwa wa kwanza kuisikia. Alipokuwa akiisimulia furaha ilimjaa, na katikati ya furaha machozi yakamshuka. Akageuka kuyaficha.

"Usiyafiche," mama alisema. "Siku za kumkumbuka bado ni nyingi, na siku za kushinda pia zitakuja. Jicho la kucheka na la kulia ni lile lile, mwanangu. Haya, nianzie tena mwanzo, tangu jana uliposoma mbele ya watu. Ulisimama wapi?"