Majina Arobaini na Moja

Mashine ya kunakili ilikuwa imekwisha kutafuna vyeti viwili vya kuzaliwa na mkataba mmoja wa nyumba mchana ule, na watu waliosongamana dukani walikuwa wameanza kunung'unika, pale mwanamume mwenye ovaroli ya buluu alipokunjua karatasi pana ya kahawia na kuielekeza kwenye mdomo wa mashine hiyo hiyo.

"Ukiiingiza humo utaitoa chengachenga," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake.

Mwanamume akageuka. "Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Mimi ndiye nitakayeletewa hizo chenga nizigandishe. Ndiyo kazi yangu."

Alimtazama vizuri. Gauni la rangi ya haradali lenye mifuko mikubwa miwili, gundi kavu kwenye kucha, miwani iliyopandishwa kichwani na pengine kusahauliwa huko. Mwanamke naye alimpima: mikono ya ovaroli ilikuwa imetobolewa na cheche, lakini ukosi wa shati jeupe la ndani ulikuwa umepigwa pasi kwa uangalifu ambao haukuendana na mahali wala saa. Akamwuliza anachomelea wapi. Akajibiwa kwamba ni karakana ya mageti, nyuma ya uwanja wa zamani, na kwamba karatasi ile si yake bali ni ya tawi la chama cha wafanyakazi, ambako yeye ni katibu wa kamati ya historia.

"Kamati ya watu wangapi?"

"Watatu. Mmoja anaumwa, mmoja hukubaliana na kila kitu."

Hivyo ndivyo mjalidi wa vitabu na mchomeleaji walivyofahamiana. Mwanamke akaanza kumwita Katibu. Katibu akaanza kumwita Daktari wa Karatasi, na baada ya wiki mbili, Daktari tu, kwa sauti ambayo wagonjwa hawaitumii.

Karatasi yenyewe ilistahili daktari. Miaka thelathini na minane iliyopita, wafanyakazi arobaini na mmoja wa idara ya kusokota nyuzi, katika kiwanda cha nguo kilichokuwa kikiajiri nusu ya mji, waliandika madai yao: vifaa vya kuzuia vumbi la pamba na zamu fupi zaidi. Waliyaandika yakizunguka kama ganda la konokono, kisha wakatia majina yao kwa mduara kandokando, ili meneja asipate kujua nani alianza. Karatasi haikuwa na juu wala chini. Ulikuwa ubunifu mzuri, na ulidumu siku tatu. Siku ya nne meneja alimwita mtu mmoja tu, akamtaja kuwa kiongozi wa uchochezi, akamfukuza. Jina lake likapelekwa kiwanda hadi kiwanda, na kila lango likafungwa mbele yake. Mgomo ukafa kabla haujaanza. Mtu huyo alikuwa baba yake Katibu, na alikufa akiwa mlinzi wa ghala tupu.

Tawi liliamua kwamba kuna aliyesema. Macho yote yalimwendea msokotaji aliyebuni ule mduara, kwa kuwa alionekana akitoka ofisini siku ya pili. Alikuwa amekwenda kuomba ruhusa ya kumwuguza mkewe, lakini maelezo ya namna hiyo hayana mvuto. Wakambandika jina la Sikio. Alikuwa bado hai, akiishi peke yake mtaa wa tatu kutoka ukumbi wa chama, na ndugu wa tawi, watu waliozeeka wakiimba mshikamano, walivuka barabara kila walipomwona. Sasa kamati ilikuwa ikiandika historia ya tawi ili itoke siku ya kufunguliwa upya kwa ukumbi. Sura ya msaliti, aliyoiandika Katibu mwenyewe, ndiyo iliyoandikwa vizuri kuliko zote, kama ilivyo kawaida ya sura za wasaliti.

Kwa hiyo karatasi, ambayo tawi liliirithi kiwanda kilipofungwa, ilihamia kwenye chumba cha mjalidi, juu ya duka la madaftari, na Katibu akawa anapita kila alipotoka kazini kuulizia hali ya mgonjwa. Alileta viti viwili alivyovichomelea mwenyewe, kimoja kikiwa kirefu kuliko kingine, akadai kwamba ndivyo alivyokusudia. Siku zisizo na nafasi alipiga simu.

"Amekula nini leo?" angeuliza.

"Gundi ya wanga. Na wewe?"

"Moshi. Mpenzi, lini nitakuja kumsalimu mama?"

Mjalidi aliishi na mama yake, mjane aliyestaafu kazi za ofisi. Jambo hilo alikwisha kumwambia, ila hakuwahi kusema ni ofisi ipi; hakuulizwa, naye hakuona kwamba lina uzito. Wakapanga Jumapili.

Jumanne kabla ya Jumapili hiyo, mjalidi alilainisha kwa maji ya uvuguvugu ukanda wa gundi uliokuwa umebandikwa ukingoni na mtu mwenye nia njema na mikono mibaya. Chini yake palikuwa na tundu la kufungia faili, na kando ya tundu, kwa wino mwekundu, namba ya ukurasa: 47. Nne ilikuwa wazi juu kama kiti kisicho na mgongo. Saba ilikatwa kiunoni kwa mstari mfupi ulioinama.

Aliishusha miwani. Saba ile aliijua. Ilikuwa kwenye majalada ya madaftari yake yote ya shule, kwenye kalenda ya jikoni, kwenye kila chupa ya dawa nyumbani kwao. Na jina lililokuwa chini ya tundu, likining'inia kama limechaguliwa, lilikuwa la baba yake Katibu.

Mama yake alikuwa akikunja nguo alipoulizwa. Hakukana. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, alisema, karani wa masjala ya kiwanda, mwezi wa pili kazini. Karatasi ilikuja na barua nyingine za asubuhi. Aliigeuzageuza atafute juu, asilione, akatoboa palipokuwa karibu na mkono wake.

"Karatasi haikai kwenye faili bila tundu, mwanangu. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na meneja?"

"Nilimpelekea faili. Akaifungua, akaweka kidole chini ya tundu, akasema, huyu ndiye wa kwanza. Nilikuwa nimesimama pale." Alikunja mkono wa blauzi, akaukunjua, akaukunja tena. "Nikajiambia nitasema mambo yakitulia. Yakatulia. Nikaona nikisema yatachafuka."

"Mzee Sikio ulimjua?"

"Nilivuka barabara kama wengine. Mimi zaidi yao."

Basi hapakuwa na msaliti. Kulikuwa na msichana, chombo cha kutobolea na meneja mwenye haraka. Na kwa jambo hilo watu wazima walikuwa wamemtenga mwenzao kwa karibu miaka arobaini. Mjalidi alijua mambo mawili. Sura ile ingekwenda kwa mpiga chapa Ijumaa, na ikishatoka, Sikio angekufa nayo. Na akifungua mdomo, atakuwa binti wa mwanamke aliyemfungia malango baba yake Katibu. Alijaribu kutafuta njia ya tatu usiku kucha na asubuhi yake, asiipate.

Hakupokea simu Jumatano. Iliita mara saba. Aliiweka ndani ya droo ya sindano, ikaendelea kunguruma humo. Alhamisi aliipokea kwa sababu mkono ulitangulia akili.

"Daktari, mgonjwa amekufa au umekufa wewe?"

"Nina kazi nyingi."

"Jumapili ipo?"

"Tuiahirishe."

Katibu alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuikisia: "Mama hataki mchomeleaji."

"Sijasema hivyo."

"Mtu wa ofisi hawezi kumpa binti yake mtoto wa mlinzi wa ghala. Ungeniambia mapema, nisingehangaika kununua viatu."

Akakata. Mjalidi alibaki ameshika simu. Ilimjia akilini kwamba hapo palikuwa na mlango uliofunguka wenyewe: Katibu amechukia kwa sababu isiyo ya kweli, na sababu isiyo ya kweli isingemuumiza mama yeyote. Angeweza kuuacha hivyo. Alikaa na wazo hilo kwa dakika kama ishirini, akaona linavyofanana na alivyofanya mama yake, akachukua mkoba.

Karakana ilikuwa na kelele na mwanga wa buluu. Katibu alipomwona hakuvua kinyago chake cha chuma, na mjalidi aliyasema yote akiitazama sura yake mwenyewe ndogo kwenye kioo cheusi: ukanda, tundu, namba, saba iliyokatwa kiuno, masjala. Alisema haraka na bila kupamba. Alipomaliza, mashine ya jirani ilikuwa imezimwa na mafundi wawili walikuwa wakijifanya wanatafuta koleo.

Katibu akavua kinyago. "Tangu lini unajua?"

"Jumanne."

"Kwa hiyo Jumatano ulijua. Na leo, nilipokupigia, ulijua."

"Nilijua."

"Mimi nimejua tangu nina miaka sita," alisema. "Nilijua ni Sikio. Nilifundishwa nisimwamkie, na nikaona ni heshima kwa baba." Akachukua brashi ya waya, akaanza kusugua chuma ambacho kilikuwa safi. "Nenda nyumbani, tafadhali."

Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Jumapili mama alivaa gauni lake jeusi lenye kola ya kufuma, akakaa sebuleni akitazama kalenda, wala hakuuliza mgeni yuko wapi. Mjalidi hakujua kama sura imekwenda kwa mpiga chapa au haikwenda. Wala kama Katibu amewaambia wazee wa tawi au hakuwaambia. Na kila pikipiki iliyosimama mtaani ilimleta dirishani, kisha ikamrudisha kitini. Simu iliita Jumatatu.

"Sura nimeizuia," alisema Katibu, bila salamu. "Wenzangu wa kamati hawaamini. Wanasema tundu haliwezi kuwa historia. Wanataka maelezo ya maandishi kutoka kwa karani, na jina lake, na sahihi."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka baba asiwe amefukuzwa kwa sababu ya kitu kidogo namna hiyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, sivyo?"

"Ndivyo, mpenzi."

"Usiniite hivyo kwanza. Muulize mama. Akikataa, sitamlazimisha, lakini kwenu sitaweza kuja. Sitaki kukudanganya."

Mama hakukataa. Aliomba karatasi yenye mistari, akaandika kurasa mbili, akaweka tarehe, namba ya faili aliyoikumbuka bila kusita, na sahihi. Kisha akasema kwamba haya hayataonwa na kamati yoyote kabla hayajaonwa na Mzee Sikio mwenyewe, na kwamba atayapeleka kwa mguu wake. Alichoomba tu ni asiende peke yake hadi mlangoni.

Kwa hiyo siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, mama aliingia nyumbani kwa Mzee Sikio, mlango ukafungwa, na mjalidi na Katibu wakabaki ng'ambo ya barabara wameegemea ukuta wa shule, wakiwa na umbali wa mtu mmoja mwembamba kati yao. Katibu alikuwa amevaa viatu vipya. Vilikuwa vikimbana, ilionekana.

Hawakusikia chochote kutoka ndani, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mjalidi alisema labda wanazungumza. Katibu alisema labda mzee hajui kusoma. Mjalidi alisema anajua, yeye ndiye aliyeandika madai. Darasani nyuma yao watoto walikuwa wakiimba majina ya miezi.

"Nilikuwa nimepanga kukuuliza jambo Jumapili ile," alisema Katibu akiutazama mlango.

"Uliza."

"Nikikuuliza sasa utadhani ni huruma."

"Na usiponiuliza nitadhani ni hasira. Chagua."

"Hasira ipo. Itakuwepo kwa muda. Kuna siku nitamtazama mama yako mezani na nitakumbuka lile ghala. Nataka unioe hivyo hivyo, nikiwa nayo."

"Mwanamke haoi, Katibu. Anaolewa."

"Basi irekebishe wewe. Ndiyo kazi yako."

Hakupata kujibu. Mlango ulifunguka na mama akatoka, mkoba kwapani, akavuka bila kutazama kulia wala kushoto. Alipofika kwao uso wake haukusema lolote. Ulikuwa uso wa mtu aliyepanga foleni ndefu na kuhudumiwa.

"Amesemaje?" aliuliza mjalidi.

"Amesema kusamehe ni kazi, na yeye amestaafu. Amesema alikuwa akimtafuta huyo msaliti hata yeye. Kila jina kati ya yale arobaini na moja amelishuku kwa zamu. Ametaka maelezo haya niyasome mwenyewe ukumbini siku ya ufunguzi, mbele ya wote, na yeye akae kiti cha mbele. Nimemwambia nitakuja."

Mkoba ukaanza kumteleza kwapani. Mjalidi hakuunyooshea mkono. Hakujua kwa nini; alijikuta amesimama tu, akiogopa kumtazama mtu aliyekuwa kando yake.

Katibu akapiga hatua moja katika vile viatu.

"Nipe huo mkoba, mama," alisema.

Mama alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Akampa.

Walitembea wote watatu hadi kwenye njia panda, mama katikati, na magari yakawasimamisha hapo.

"Ndiyo," alisema mjalidi juu ya kichwa cha mama yake.

"Ndiyo nini?"

"Ulichoniuliza pale ukutani. Nitaolewa nayo."

Katibu aliuhamishia mkoba mkono wa pili, bila sababu. Mama, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, hakuuliza; alikuwa akitazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, kabla ya kuwashika wote wawili viwiko na kuwavusha.