Mafundi Wawili wa Pampu

Kila asubuhi Kijakazi, mama yake Kudra, alikwenda mtoni na ndoo mbili. Hakwenda peke yake. Wanawake wa kitongoji chao, huko Chumbi, walikwenda kwa kundi. Mmoja alichota, wengine walisimama na fito ndefu mkononi, macho kwenye maji. Mamba hapigi hodi.

Kitongoji kilikuwa na kisima cha pampu ya mkono. Lakini pampu iliharibika, na fundi wao alikuwa amehamia Dar es Salaam. Wiki ya tano bila pampu, mamba alimrarua mkono Habiba, wifi yake Kijakazi. Habiba alinusurika, akalazwa hospitali.

Kijakazi alikwenda kumtazama wifi yake. Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, Muhidini, "Nitajifunza kuitengeneza ile pampu."

"Weye?" Muhidini aliuliza.

"Mie."

Nafasi ilikuwepo. Kulikuwa na mafunzo ya siku nne Utete, na kitongoji kiliambiwa kipeleke watu wawili. Watu walikutana kuwachagua. Mzee Abdulatifu, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliongoza mkutano. Bi Mwantumu, afisa maendeleo ya jamii, alikuja kwa pikipiki.

Kijakazi alinyoosha mkono. "Mzee, mie nataka kwenda."

Mzee Abdulatifu alitabasamu. "Mama Kudra, spana si mwiko wa ugali. Kazi ya mashine ni ya wanaume. Wanawake mnachoka upesi."

Watu walicheka. Kijakazi hakuketi.

"Mzee, nalima mpunga mwaka mzima. Nikitoka shamba nabeba ndoo mbili toka mtoni. Uliniona lini nimechoka? Na spana uliniona nayo lini, nikashindwa?"

Kicheko kilikatika.

Hapo mtu mmoja alimtaja Saadi, fundi baiskeli. Saadi alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa ameketi papo hapo, akiangalia midomo ya watu.

Kijakazi alisema upesi, "Huyo hasikii! Tutaelewana vipi? Halafu viziwi wana hasira."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Bi Mwantumu aliinuka.

"Mama Kudra, samahani. Saadi amewahi kukukasirikia?"

"Hapana."

"Amewahi kuharibu baiskeli yenu?"

"Hapana. Anatengeneza vizuri. Ila watu wanasema..."

"Watu wanasema wanawake wanachoka upesi. Neno hilo limekuuma sasa hivi. Mbona hili lako umelitamka bila kuona shida?"

Kijakazi aliona haya, akainamisha uso.

Bi Mwantumu aliwageukia wote. "Jamani, sisemi hapa kuna mtu mbaya. Neno kama hilo tumelikuta, tukalibeba. Tunachukua sifa moja, tunawavika wanawake wote au viziwi wote. Hiyo ni dhana potofu. Halafu tunaitumia kumnyima mtu nafasi, au kumpa mwingine, kabla hatujampima. Huo ni upendeleo. Kila mmoja wetu anao. Hata mie. Dawa yake ni kujiuliza: hili nimeliona mwenyewe, au nimelisikia tu?"

Wakati huo Saadi alikuwa anaandika kwenye simu yake. Alimpa Bi Mwantumu, naye akasoma kwa sauti:

"Mnanijadili kama sipo. Niulizeni mimi."

Kijakazi alimwendea Saadi, akasimama mbele yake ili aone midomo yake.

"Nisamehe," alisema polepole. "Unaiweza kazi hii?"

Saadi aliinua viganja vyake vyeusi kwa grisi, akamwonyesha.

"Basi tusichague kwa maneno," alisema Bi Mwantumu. "Tuwapime wote wanaotaka. Kipimo kiwe kimoja."

Kesho yake watu wanne walikwenda kisimani. Kila mmoja alitakiwa kufungua mpini wa pampu na kuurudisha. Mwanaume mmoja alibakiza boliti mbili chini. Mwingine alifunga mpini kinyume. Saadi alimaliza wa kwanza. Kijakazi alichelewa, lakini mpini wake ulikaa imara. Mzee Abdulatifu aliutikisa mara tatu, akaguna.

"Waende hao wawili," alisema.

Huko Utete, Kijakazi alijifunza pampu. Alijifunza pia ishara za mikono za Saadi: kaza, legeza, vuta, subiri. Haikumchukua muda.

Waliporudi, walivuta fimbo za chuma zilizounganishwa kutoka kisimani, moja baada ya nyingine. Walibadilisha mpira wa ndani uliokwisha, wakarudisha fimbo zote. Kijakazi alipampu. Hakuna maji. Akapampu tena. Hakuna.

Mtu alinong'ona nyuma, "Si tulisema?"

Jasho lilimtoka Kijakazi. Saadi aliweka kiganja juu ya bomba, akampa ishara: endelea. Alihisi mtikisiko kwa kiganja, kisha akatikisa kichwa. Kwa vidole viwili alionyesha fimbo zilizoachana.

"Nilizikaza zote!" Kijakazi alisema. Kisha alijizuia, akamuuliza kwa mikono: una hakika? Saadi aliitikia.

Walivuta upya. Kweli, fimbo ya tatu ilikuwa imeachia kwenye kiungo. Kijakazi aliikaza mwenyewe, na Saadi akaikagua. Walirudisha zote. Alipopampu safari hii, maji yalikohoa mara mbili, yakamwagika ndooni. Wanawake walipiga vigelegele. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda tena kuchota mtoni.

Na kamati ya maji iliweka utaratibu: mwenye kuomba kazi anaulizwa mwenyewe, kisha anapimwa.

Miezi miwili baadaye, simu ya Mzee Abdulatifu iliita. Ilikuwa kamati ya kitongoji cha jirani. Pampu yao ilikuwa imekufa.

"Mafundi tunao wawili," alisema Mzee. "Nitawatuma kesho."

"Ni wanaume wenye nguvu, Mzee? Pampu yetu nzito."

Mzee Abdulatifu aliwatazama Kijakazi na Saadi, waliokuwa wanapanga spana zao.

"Nimekwambia ni mafundi," alijibu, akakata simu.