Matofali ya Uani kwa Bi Hajira

Mkono ndio ulioonekana kwanza.

Konstebo Awadhi alikuwa ameinua matofali machache tu, yale mapana ya saruji ya kutandika uani, alipoona vidole. Tofali likamponyoka likamwangukia mguuni, wala hakusikia maumivu.

"Yallah! Afande, kuna mtu humu!"

Inspekta Eustakio alikuwa amekuja Mandawa kumtafuta kijana Halfani, aliyesemekana amekwenda Lindi kabla ya mvua. Lindi hakufika. Inspekta alipoizunguka nyumba yao akaona sakafu ya uani imenyooka kote, isipokuwa nyuma. Huko ilikuwa imetitia. Akaamuru pafukuliwe.

Sasa Halfani alikuwa amepatikana. Majirani waliziba midomo kwa viganja. Mama yake, Bi Hajira, mjane, alikaa kizingitini ametulia kama mtu wa jiwe.

Fundi Saburi, aliyeyafyatua matofali yale, aliletwa ameshikwa kwapa.

"Ni wewe uliyetandika hapa?" Inspekta aliuliza.

"Mbele na ubavuni, ndiyo, afande. Huku nyuma hapana. Nilikwenda Nachingwea kuchukua saruji, nikarudi nikakuta pameshatandikwa."

"Na nani?"

"Bi Hajira alisema Halfani katandika mwenyewe, kisha kaenda Lindi. Nikacheka. Nikasema bwana mkubwa huyu ufundi kajifunza lini? Udongo hakushindilia, hata mchanga wa chini hakumwaga."

"Watu wanasema mligombana."

"Tuligombana, afande. Yeye anataka matofali mapana kama ya Wazungu wa mashamba ya karanga kule Nachingwea. Nikamwambia chukua madogo, mapana yatapasuka mkishusha magunia ya korosho. Akaniita mshamba wa Lionja."

"Ukamjibuje?"

Saburi aliinamisha kichwa. "Nilimwambia akizidi kelele nitamfukia humu humu nimtandikie juu. Utani tu, afande!"

"Utani huo unakupeleka kitanzini," alisema Awadhi, akamfunga pingu.

"Haki ya Mungu sikumgusa!" Saburi alilia kwa sauti, mtu mzima yule, kamasi zikimtoka.

Inspekta alipiga magoti kando ya shimo. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Lakini maiti ilikuwa imeviringishwa kaniki, mkono mmoja tu ukichomoza, ikalazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kifuani palikuwa na kifurushi cha kitambaa. Akakifungua.

Vijifupa. Vidogo mno, vya kale, rangi ya udongo.

Awadhi aligeuza uso.

Muuaji mwenye hofu hufukia tu akakimbia, Inspekta aliwaza. Huyu amezika. Akamwita mkunga, Bi Mwamina, aliyesimama kwenye uzio.

"Mama, mtoto akizaliwa bila kulia, hapa kwenu mnamzika wapi?"

"Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta."

"Anazika nani?"

"Wanawake. Mwanamume haonyeshwi, hata baba yake. Na wewe mwanangu unaniuliza mambo haya mbele ya watu, huna haya?"

"Nisamehe, mama. Hawa wa hapa, nani aliyejua walipolala?"

"Mimi niliwapokea tu. Waliowazika ni mama yao na bibi yao. Bibi ameshakufa." Bi Mwamina aligeukia kizingitini. "Hajira! Ndugu yangu, umefanya nini?"

Bi Hajira aliinuka polepole.

"Mwacheni fundi," alisema. "Nilimwambia Halfani, huko nyuma usichimbe. Akauliza kwa nini. Mambo hayo mama hamwambii mwanawe wa kiume. Nikasema basi tu. Akacheka. 'Mama, matope yanatuingia ndani, unataka tuishi kama kuku?' Nikaenda kisimani. Narudi, jembe limeshawatoa."

"Ukamwambia?"

"Hapo nikamwambia. Nikasema Halfani, hawa ni ndugu zako. Akasema mifupa ya panya hii, mama, unazeeka vibaya. Akawazoa kwa koleo, akawatupa jalalani. Nami naona kwa macho yangu."

"Kisha?"

"Mchi ulikuwa kwenye kinu. Sijui niliuinuaje. Nilitaka aache. Akaanguka. Nikamwita, Halfani, Halfani, hakuitika."

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Bi Hajira aliendelea, macho makavu.

"Nikawaokota jalalani. Shimo alishalianza mwenyewe, nikamalizia. Nikamwosha, nikamlaza na ndugu zake. Matofali aliyapenda, nikamfunika nayo."

"Na huyu Saburi? Ungemwacha anyongwe?"

"Nilikuwa nangoja kuulizwa. Tangu mmefika mnawauliza wengine. Mimi nimekaa hapa."

Inspekta aliinuka kando ya shimo. Alimwashiria Awadhi, na Awadhi akamfungua Saburi pingu. Fundi aliketi chini palepale.

Kisha Awadhi akainama kukitoa kile kifurushi, kiwe kielelezo mahakamani.

"Usiwaguse!" Bi Hajira alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Mimi nichukueni, mnifunge, mninyonge. Lakini hao waachieni wanawake. Mwamina, njoo!"

Awadhi alimtazama mkubwa wake. Inspekta Eustakio alivua kofia, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni pa ua.

"Wanaume wote," alisema, "tokeni."