Mbuzi wa Karani

"Elfu tisini, Mama Samia. Elfu tisini ya salfa umempa paka."

"Sikumpa paka. Nimempa daktari."

"Daktari wa paka."

"Punguza sauti, Baba Samia. Mtoto amelala."

"Mwamshe asikie mama yake alivyo tajiri."

Bakary alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala lake pale Mtua, mashine ya kupulizia iko begani, tupu. Mikorosho ilishatoa maua. Salfa ya ruzuku aliyogawiwa ilimwishia katikati ya shamba, na nusu nzima ya miti ilikuwa inangoja ubwiriunga, ule ukungu mweupe, uje ule maua yote. Hiyo elfu tisini ndiyo ilikuwa mifuko ya kumalizia. Hakuwa na nyingine.

Paka aliyeila alikuwa amelala juu ya mizani, kichwa pembeni, mate yanamchuruzika. Jina lake Karani. Walimwita hivyo kwa sababu tangu akiwa mdogo mahali pake palikuwa hapo, juu ya sahani ya mizani ya kupimia ufuta, na mkulima akileta gunia ilibidi kwanza Karani ashushwe. Samia, binti yao wa miaka sita, alimbeba mgongoni kwa khanga. Na Zuhra, mama yake, ambaye baada ya Samia alipoteza mimba mbili, alimwita paka yule mwanangu mbele za watu, bila kuona haya.

Asubuhi ile Daktari Dionisia wa mifugo, kule Nachingwea mjini, alikuwa amemfunua mdomo akaonyesha fizi. Zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akatoa damu, akapima, akamtundikia dripu, kisha akasema ukweli wake.

"Ni saratani ya damu ya paka, mama. Ameipata kwa paka mwenzake, kwa mate. Dawa haina. Atapungua hivyo hivyo mpaka aishe."

"Na mtoto wangu? Wanalala pamoja."

"Mtu haimpati. Hilo usihofu."

Baada ya ugomvi ule Zuhra hakukaa Mtua. Alipanda bodaboda mpaka kwao Nandagala, upande wa Ruangwa, Karani kifuani ndani ya khanga. Huko kuna jiwe. Msikitini linakemewa kila Ijumaa, na kila Jumamosi lina unga mpya. Mwanamke akiwa na mtoto mgonjwa huenda pale saa saba mchana, peke yake, anamwaga unga wa mtama, anasema jina lake, idadi ya watoto wake, jina la mgonjwa na kitu atakachotoa. Akijibiwa, analipa kabla siku saba hazijaisha. Ni kwa watoto wa kuzaa tu. Kila mwanamke wa Nandagala anajua hivyo, na Zuhra alijua.

"Mimi Zuhra," alisema. "Nina watoto wawili. Anayeumwa ni huyu, Karani. Akipona nitaleta mbuzi wetu mweusi."

Unga aliomwaga ulikuwa mkavu. Alipoinuka ulikuwa umelowa katikati, kama umelambwa. Alidhani ni mate ya paka.

Kesho yake Karani alikula dagaa sahani nzima. Fizi zikarudi nyekundu. Samia akacheka mpaka akapaliwa.

Zuhra alipaswa kusema siku ile ile. Hakusema. Aliogopa ugomvi, akaona siku saba ni nyingi. Alipofungua mdomo ilikuwa siku ya tano, jioni, na Bakary alikuwa anatoka ghalani ananawa mikono.

"Mbuzi gani?" aliuliza.

"Yule mweusi."

"Nimemuuza. Nimemshusha paka wako, nikampandisha mbuzi kwenye mizani, kilo kumi na nane. Saturnini wa buchani amenihesabia elfu tisini. Salfa hiyo hapo." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ulinilia tisini, nimejirudishia tisini. Hatudaiani."

Zuhra akakaa chini. Akamweleza kwa sauti ndogo habari ya jiwe, unga na siku saba. Bakary akacheka.

"Jiwe linadai mbuzi? Basi lije na stakabadhi."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema. Mimi deni la mtu nalipa. Jiwe silijui."

Siku ya saba, adhuhuri, Karani alikufa. Hakufa vizuri. Fizi zilipauka tangu alfajiri, na kufikia saa nne alikuwa hawezi kumeza mate yake. Alijikokota kutoka jikoni mpaka ghalani kwa miguu ya mbele, akapanda kwenye mizani, akalia mara moja, sauti nene ambayo si ya paka. Zuhra alipomnyanyua alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Sahani ilikuwa tupu. Mshale wa mizani ukapanda taratibu, ukasimama kwenye kumi na nane.

Bakary akaipiga mizani teke. Mshale ukaanguka sifuri.

"Springi imechoka," alisema, na hakumtazama mkewe.

Walimzika nyuma ya ghala. Samia alilia siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza, akaja jikoni mkono wake umelowa mpaka kiwikoni.

"Mama, Karani amerudi. Yuko kwenye mizani. Ananilamba."

Zuhra akaunusa ule mkono. Ulinuka salfa, na chini ya salfa harufu ya damu iliyolala.

Ghala likafungwa kwa kufuli. Haikusaidia. Kila siku saa saba mchana, jua likiwa utosini na mabati yanalia kwa joto, sauti ilisikika ndani: ulimi unalamba chuma, polepole, bila haraka. Panya walihama wote siku moja, mchana kweupe, wakapita katikati ya miguu ya Bakary kama hawamwoni. Na Samia akaanza kupungua. Alikuwa na kilo ishirini na mbili kwenye kadi ya kliniki. Sketi za shule zikaanza kumvuka. Asubuhi moja alipiga miayo na Zuhra akaziona fizi zake.

Hospitali walimwongezea damu, chupa mbili. Alirudi ana rangi. Siku ya tatu ile rangi haikuwepo, na alikuwa analala kichwa pembeni, mate yanamchuruzika kwenye mkeka.

Daktari Dionisia alikuja mwenyewe nyumbani, kwa huruma tu. "Mtu haimpati," alirudia. "Vitabu vyote vinasema hivyo." Kisha akamfunua Samia mdomo, akatazama kwa muda mrefu, akaaga. Chai yake aliiacha imejaa.

Ndipo wakamwita Bi Mwanawetu wa Nandagala, shangazi yake Zuhra, aliyezoea kupunga majini na hakuwa na muda wa kubembeleza. Alifukiza ubani pembe zote za ghala, akasoma, akaandika kombe kwa wino sahanini, akaliosha na kumnywesha mtoto. Mtoto akalitapika lote, jeupe, halina wino.

"Ulisema una watoto wangapi?"

"Wawili, shangazi."

"Wa kuzaa?"

Zuhra akatazama nyuma ya ghala, walipomzika Karani.

"Basi unadaiwa kama mwenye wawili. Uliyemwombea alipewa, nyie hamkulipa, amechukuliwa. Aliyebaki ndiye dhamana." Akamgeukia Bakary. "Mbuzi yuko wapi?"

"Ameliwa," Bakary alisema, kwa mara ya kwanza kwa kunong'ona. "Nimekwenda buchani. Hata ngozi haipo."

"Tafuta mwingine, mweusi, usipunje."

Bakary alikwenda Nambambo akanunua mbuzi mkubwa mweusi kwa laki na ishirini, hakubishana bei, akampakia kwenye pikipiki mpaka Nandagala, akamfunga kwenye lile jiwe kwa mkono wake na kuomba msamaha mbele ya Bi Mwanawetu, machozi yanamtoka, akisema kosa ni langu, mtoto hakula salfa wala hakuuza kitu. Wakamwacha mbuzi analia. Walipofika Mtua, magharibi, mlango wa ghala ulikuwa na kufuli lake, na ndani, juu ya mizani, alikuwa amelala mbuzi yule yule wa Nambambo, kamba ya Bakary shingoni, macho wazi, mkavu kama kuni. Mshale ulikuwa sifuri.

Bi Mwanawetu akakusanya vitu vyake.

"Shangazi, unatuacha?" Zuhra alimshika khanga.

"Kitu hiki kimepima kikakataa. Kinataka kile kile kilichopandishwa pale. Mimi hapa sina mkono." Akaingiza chetezo kwenye mfuko kikiwa bado cha moto. "Msimwache mtoto karibu na mizani."

Bakary aliibeba ile mizani usiku huo huo, akaenda kuitupa kwenye kisima kilichokauka nyuma ya mikorosho. Akaisikia ikigonga chini. Akarudi akalala mlangoni mwa nyumba, Samia katikati yake na Zuhra, wakiwa wamemshika kila mmoja mkono wake, na hawakufumba macho mpaka kulipokucha, wala hawakumwachia asubuhi nzima, mpaka jua lilipokaa utosini na usingizi, si wa kwao, ukawaangusha wote wawili kwa mara moja kama watu waliokatwa miguu.

Bakary aliamshwa na ulimi. Ulikuwa unalamba chuma. Mkono wake ulikuwa umeshika khanga tupu, imelowa, inanuka salfa, na Zuhra pembeni yake alikuwa anatazama kuelekea ghalani, na Bakary akakimbia, akalikuta kufuli limefungwa, akalivunja kwa jembe, akaingia katika lile joto na vumbi la ufuta, na katikati ya ghala, mahali pake pale pale, ikiwa na matope ya kisima, ilikuwepo mizani, na juu ya sahani alikuwa amelala Samia, amejikunja, kichwa pembeni kama alivyokuwa akilala Karani, mate yanadondoka, na mshale ulikuwa juu kidogo ya kumi na nane, unashuka, unashuka kwa nukta, huku Bakary akivuta miguu yake mwenyewe isiyotaka kunyanyuka na kumwita mwanawe kwa jina, mpaka ukagusa mstari na kutulia.

Ulimi ukaacha kulamba.

Samia akafungua macho. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi. Midomo haikutikisika, lakini sauti ilitoka humo, nene, taratibu, kama ya mtu anayesoma daftari.

"Kilo kumi na nane, Bakary. Nipe changu."